Mkwe Hazikwi Kisiwani

Kijiji cha mama yangu kiko kisiwani, katikati ya mto unaoshuka kutoka Uluguru kuelekea Kisaki. Ni nyumba chache, migomba na mpunga. Kiangazi unavuka kwa miguu, masika kwa mtumbwi. Historia yake niliimezeshwa utotoni: bibi wa kwanza wa ukoo wetu alikimbia njaa milimani, akavuka na mumewe, akafyeka, akafa, akazikwa kwenye kichuguu. Kwa hiyo ardhi ni ya ukoo wake, na ukoo tunaurithi kwa mama. Mwanamume aliyeoa kisiwani atalima mpaka achoke, lakini akifa ndugu zake waje wamchukue.

Baba alioa kisiwani. Alifariki masika, mto umefurika. Alikuwa ameomba azikwe nyuma ya jiko, penye michungwa aliyoipanda mwenyewe. Ndugu zake wa milimani walikuwa wameacha kumtembelea zamani sana.

Wazee wa ukoo walikutana barazani kwa mjomba, kaka yake mama. Nikawaamkia, kisha nikauliza, "Mjomba, pale kwenye kichuguu kazikwa nani?"

"Bibi yetu. Chuoni wamekusahaulisha?"

"Mama yako," nikasema, "aliniambia bibi huyo alichukuliwa na maji, hakuonekana tena. Aliyezikwa pale ni mumewe. Mkwe."

Nilidhani nimeshinda.

"Mama hakukudanganya," mjomba akasema taratibu. "Tulimzika mkwe huyo mmoja. Wapwa zake wakaja na majembe, wakasema alipolala mjomba wao ni kwao. Tuliwafukuza kwa mapanga. Tangu hapo kaburi tukaliita la bibi, na mkwe hazikwi. Umeuliza, umejibiwa."

Nje, mtani wetu, mama mnene wa ukoo tunaotaniana nao, alikuwa ameshavaa koti la baba na kubeba jembe lake. Alitembea akichechemea kama yeye.

"Nimelima shamba la wenyewe, nimelala nyumba ya wenyewe," alilalamika kwa sauti ya baba. "Jamani, hata shimo niazime?"

Watu walicheka. Mama naye alicheka, machozi yakimtoka. Mtani wa msibani hanuniwi.

Jeneza lilikuwa refu kuliko nafasi ya mtumbwi, wavushaji wakalilaza mshazari, upande wa kichwani ukining'inia juu ya maji. Ng'ambo hapakuwa na ndugu yake yeyote. Walilishusha kwenye matope, wakalifunika turubai, wakarudi kwetu kunywa uji.

Nilitaka kuvuka nikakae naye. Mjomba akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya jiko. Alipiga ardhi kwa kisigino kati ya michungwa miwili.

"Usinune, mwanangu. Hapa patakuwa pako. Wewe ni wa kwetu."

"Na mume nitakayeolewa naye?"

Akachuma chungwa, akaanza kulimenya.

"Mlete," akasema. "Shamba limebaki bila mtu."