Mlango Uliorukwa

Mkaa uliolowa hutoa moshi mzito wenye harufu ya udongo, na harufu hiyo ikinifikia hadi leo mimi husimama, hata kama nina haraka. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Tulikuwa tumetoka Bujumbura, mama, mimi na mdogo wangu wa miezi mitatu, tukapanga chumba kimoja Biryogo, mtaa wa Kigali, katika kichochoro chembamba cha mafundi cherehani. Baba alibaki nyuma, akasema angetufuata. Simu yake ilizimwa tangu tuvuke mpaka. Masika ya mwaka ule yalikuwa na baridi ya kuingia mifupani. Ukuta ulitoka jasho, blanketi halikukauka, na mtoto alikohoa usiku na mchana. Mama alimpeleka zahanati mara mbili, akapewa dawa, akapata nafuu, kikohozi kikarudi. Usoni pa mama niliiona hofu ambayo hakuitamka: kwamba mtoto angeondoka bila kubatizwa, bila hata jina, maana tulikuwa tukimwita Kadogo tu, tukimngoja baba aje.

Parokiani walimwambia jambo la kawaida kabisa. Mtoto habatizwi mpaka mzazi ajulikane katika jumuiya, yaani wale Wakatoliki wachache wa mtaa wanaosali nyumba kwa nyumba kila Alhamisi. Kiongozi wao ndiye anayemthibitisha. Basi mama akafagia chumba, akatandika kitenge juu ya kitanda, akangoja zamu yetu. Alhamisi ikafika, tukawasikia wakiimba kichochoroni. Wakabisha kwa jirani wa kulia. Alhamisi iliyofuata wakabisha kwa jirani wa kushoto. Sisi wa katikati wakaturuka kama mtu anavyoruka dimbwi. Ya tatu wakapita tena. Nikamwambia mama twende tukawaulize, kuuliza si ujinga. Akanijibu, "Wametuona, mwanangu. Hawatutaki. Mimi siombi kupendwa." Mama alikuwa na kiburi, niseme ukweli, na mimi nilikichukia kiburi kile kuliko baridi.

Kumbe kosa lilikuwa pande zote mbili. Mama alikuwa amenikataza kusema tulikotoka, wala sisi ni nani. Kule kwetu, siku zile, kujulikana sana kulikuwa hatari. Ndani tuliongea Kiswahili, kama tulivyozoea Bujumbura, na kwa ajili ya baridi mama alitufunga vitambaa kichwani mpaka masikioni. Sasa Kigali, mtu akikusikia unaongea Kiswahili na mama yako, tena Biryogo, mtaa wa Waislamu, tena umejifunga kichwa, haoni haja ya kukuuliza dini. Wale Wakristo walituona Waislamu, na kwa adabu yao hawakutaka kutusumbua. Hakuna aliyetuchukia. Ilitosha tu kwamba hakuna aliyeuliza.

Aliyelifumbua jambo hilo ni Mama Zuhura, fundi cherehani wa mlango unaotazamana na wetu, Mwislamu wa kuzaliwa. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Jioni moja, baada ya adhana, alituletea uji na viazi vya futari, akiamini tumefunga kama yeye. Mama, kwa mazoea, akafanya ishara ya msalaba juu ya bakuli. Mama Zuhura akaduwaa, kisha akacheka mpaka akakaa chini. Halafu akamsikia mtoto anavyopumua, na kicheko kikaisha. Akatoka na ndara zake kwenye mvua, mimi nyuma yake mbio, hadi kwa Mzee Anastazi, kiongozi wa jumuiya.

"Mzee, kusali munasali sana, lakini macho hamuna," akamwambia pale pale mlangoni. "Yule mama iko wenu. Mutoto wake anaumwa vibaya. Mutakuja leo, ama munataka mimi ndiye nimubatize?"

Wakaja watu kumi na mmoja, wamelowa, na jiko lenye makaa mekundu wamelikinga kwa mwavuli, matone ya mvua yakiyafukisha moshi. Viti hatukuwa navyo. Wakakaa kitandani, sakafuni, wawili wakabaki kizingitini. Mzee Anastazi akapiga goti mbele ya mama. "Mama, mutusamehe. Tulifikiri nyinyi ni watu ya musikiti." Mama akamnyooshea mtoto. Mzee akamsikiliza kifua, akaagiza gari litafutwe upesi, na kwa kuwa lilikawia, akachota maji kwenye ndoo ili ambatize, kama muumini yeyote aruhusiwavyo mtoto akiwa hatarini, akauliza jina. "Diyodone," mama akasema. Hata kwangu ilikuwa mara ya kwanza kulisikia.

Diyodone aliishi siku nne zaidi. Katika siku hizo, pale hospitalini tulikopelekwa usiku ule, mama hakuachwa peke yake hata saa moja. Walipokezana, huyu na uji, yule na shuka kavu, na Mama Zuhura akiwa amefunga saumu yake. Siku ya mazishi walijaa watu kiasi kwamba wapita njia waliuliza ni mkubwa gani amefariki. Mama aliimba pamoja nao. Nililia kwa uchungu na kwa shukrani, na sikujua kipi ni kipi.

Leo vichochoro vya Biryogo vimepakwa rangi na watu huja kunywa chai na kupiga picha. Simu ya baba haikuwaka tena. Mama sasa ndiye anayeanzisha nyimbo siku ya Alhamisi, na wale waliojibana chumbani mwetu ndio ndugu zetu. Wahenga husema kawia ufike. Mimi methali hiyo siipendi. Walifika, nawapenda, na bado nazihesabu zile Alhamisi tatu. Jumuiya imenipa kazi ya kutembelea wapangaji wapya, nami sichagui mlango. Nabisha kote. Mtu akiniambia yeye ni Mwislamu, namwomba radhi. Lakini siondoki kabla sijamuuliza kama ndani kuna mtoto anayekohoa.