Mfupa wa Bibi wa Uroa

Suruali yangu ya kazi ilipasukia Uroa, nyuma ya freza la samaki, katika hoteli moja ya ufukweni. Mimi ni fundi wa friji, na kazi ya friji ni kuchutama kutwa nzima. Siku ile nilichutama niitazame mota, nikasikia prrr! nikadhani bomba la gesi limetoboka. Kumbe gesi salama, aliyetoboka ni mimi, kuanzia kiunoni mpaka pasipotajika. Msimamizi wa vyumba, mwanamke wa hapohapo Uroa, alikuwa amesimama mlangoni. Hakukimbia, wala hakujifanya hakuona. Alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akaniletea taulo la wageni nijifunge.

"Fundi," aliniambia, "tumbo lako linafika kazini kabla yako."

Nikampenda palepale, na taulo kiunoni.

Friji za hoteli ile zikaanza kuharibika kila wiki. Nyingine nakiri nilikuwa naziona mbovu peke yangu. Baada ya miezi kadhaa tulikubaliana nipeleke posa, lakini akanitahadharisha. Baba yake alikuwa mwalimu wa hesabu, amestaafu, na ana mtindo wake wa kumpima mtu.

"Baba hakuulizi mshahara wala ukoo," alisema. "Atakualika chakula cha Ijumaa, akutazame unavyokula, basi. Wachumba wawili washarudishwa. Mmoja kwa kuzungumza na tonge mdomoni, mwengine kwa kunawa ncha za vidole tu."

Nilicheka. Kula! Mimi, mtoto wa Mji Mkongwe, nitashindwaje na kula? Nikasema kwanza nilipunguze tumbo, nimtokee mzee nikiwa mwembamba, halafu na adabu juu yake.

Sasa hapo ndipo nilipojiponza. Jioni moja barazani kwetu, kwenye kahawa, nilionesha watu video kwenye simu. Mzungu mmoja mwenye misuli alikuwa anasema yeye hali kitu ila nyama, asubuhi nyama, usiku nyama, na tumbo lake limelala kama mkeka. Jirani yangu fundi viatu akasema mie siwezi hata siku tatu. Mimi ukinambia siwezi, umeniharibia akili. Nikasimama mbele ya baraza zima nikaapa.

"Wallahi, siku arubaini! Haipiti mdomoni mwangu isipokuwa nyama. Nikishindwa, nitaifagia baraza hii kila asubuhi mpaka Ramadhani."

Watu wakapiga makofi. Kisha tukakaa saa nzima kuamua nyama ni nini. Samaki? Baada ya mabishano akapita. Pweza akapingwa sana, kwamba hana mfupa wala damu, mwishowe akaingizwa kwa huruma. Kahawa ikahesabiwa maji. Halua ikakataliwa kwa kauli moja, na mimi nilikuwa nimeshaishika.

Siku za mwanzo zilikuwa raha tupu, sikatai. Asubuhi supu ya makongoro, mchana nyama ya kuchoma kutoka bucha la Darajani, jioni Forodhani na mishikaki. Nilijiona sultani. Siku ya tano nikaota mkate wa boflo. Lilikuwa limekaa kwenye kiti, limevaa kofia, linaniuliza kwa upole nimelikosea nini. Niliamka nikikaribia kulia. Nilikuwa nikipita kwa muuza urojo naziba pua, watu wakidhani namtukana, ikabidi nirudi kumwomba radhi.

Lakini vita vikubwa vilikuwa nyumbani. Mama yangu amekuzwa kwa wali, na kwake, kama kwa watu wote wa hapa, chakula ni wali, ugali, muhogo, mkate. Nyama ni kitoweo, kazi yake ni kukisindikiza chakula.

"Njoo ule, mwanangu."

"Nshakula, mama."

"Umekula nini?"

"Nyama."

"Hicho kitoweo. Chakula umekula saa ngapi?"

Tulikuwa hatuelewani. Kwa mama mimi nilikuwa nafunga. Akaanza hila. Siku moja aliniletea bakuli la boko boko, ile ngano inayopikwa na nyama mpaka vyote vikawa kitu kimoja.

"Si nyama hii?" akaniuliza, macho makavu.

"Mama, hii ngano."

"Ngano ishasagika, haipo tena. Kula."

Nilikimbia nyumba. Nasema kweli, nilishuka ngazi mbio nikatokea barazani nahema, watu wakadhani kuna moto.

Hata hivyo, ilipofika siku ya ishirini nilikuwa kama mtu aliyepewa mwili wa mwenzake. Nachutama, nasimama, nachutama tena bila sababu, kwa furaha tu. Mkanda niliutoboa tundu jipya kwa msumari, kisha la pili. Nilikuwa napanda ngazi za nyumbani mbilimbili huku nikiimba, na kichwa chepesi, sijui kwa furaha au kwa njaa. Mpenzi wangu sikumwambia kitu, wala Uroa sikwenda. Nilitaka anione ghafla.

Ikaja simu: baba anakualika Ijumaa. Nikahesabu kwa vidole. Ijumaa ile ilikuwa siku ya thelathini na tatu.

Mwenye akili angevunja kiapo, akafanya kafara, akaenda kula. Mimi nikasema maji nimeshayavulia nguo, sina budi kuyaoga. Zilibaki siku saba tu. Nikapanga mpango: nitakula nyama nitakayopewa, na wali nitaufinyanga matonge, niyapeleke karibu na mdomo, kisha niyarudishe kwa ujanja. Nilifanya mazoezi chumbani kwa mchanga kwenye sahani. Nilikuwa hodari.

Tulikwenda na mjomba wangu, kaka wa mama, ambaye ndiye aliyebeba neno la posa. Tuliswali Ijumaa Uroa, tukakaribishwa barazani kwa mzee, tukakaa chini watu watano: mzee, ndugu zake wawili, mjomba na mimi. Nilinawa mikono mpaka viwiko. Likaletwa sinia la pilau, harufu yake hata leo naikumbuka.

Kwenye sinia kila mtu hula mbele yake. Nyama hukaa katikati, na mkono hauigusi mpaka mkubwa aigawe. Mzee aliigawa kwa macho kwanza, midomo ikimchezacheza, kisha akawawekea watu: vipande vitatu, vitatu, vitatu. Hakuna aliyezidi hata kwa unyuzi. Katikati ukabaki mfupa mmoja mnene wa muundi, uboho umejaa hadi mlangoni.

Nikaanza mchezo wangu. Tonge juu, tonge karibu na mdomo, tonge chini, upande wa mjomba. Mjomba hakujua kitu. Alikula, akala, akajifuta jasho, akatazama mbele yake, wali uko palepale. Nikamsikia akinong'ona, "Mashaallah, pilau hii ina baraka." Ilibidi niume ulimi nisicheke.

Vipande vyangu vitatu vilikwisha upesi. Nikabaki na mikono mitupu, tumbo linauliza, na ule mfupa uko katikati kama hauna mwenyewe. Wenyeji hawaugusi. Nikajiambia: si adabu hiyo? Wamemwachia mgeni. Nikiuacha watasema nimekidharau chakula chao. Mkono ukaenda. Nikaugonga ukingoni mwa sinia, ko! ko! nikaufyonza kwa sauti ambayo, nina hakika, ilisikika mpaka hotelini.

Mikono yote ikasimama. Mzee akaniangalia muda mrefu, kama anayekagua hesabu iliyofanywa ubaoni.

"Huo," akasema taratibu, "wa bibi."

Bibi ni mama yake mzee, na kila Ijumaa, tangu meno yamtoke, mfupa wa katikati hupelekwa kwake jikoni. Uroa nzima inajua. Nilikaa na mfupa mdomoni. Kuutoa ni aibu, kuumeza haiwezekani. Mzee akanawa. "Tutawapa jawabu," akamwambia mjomba, na mimi hakuniangalia tena.

Njiani, tulipofika Dunga, mjomba alinigeukia. "Wenzio walirudishwa kwa kunawa vibaya," alisema. "Wewe umemla bibi yao."

Usiku ule sikucheka. Nilimpigia mpenzi wangu nikamwambia kila kitu, video, kiapo, matonge, mchanga kwenye sahani. Nilingoja acheke. Hakucheka, na hapo niliogopa hasa, kwa sababu mwanamke yule anacheka hata akijikwaa.

"Kwa nini hukunambia?" aliuliza, akakata simu.

Ngoja ngoja huumiza matumbo, na langu, kwa wembamba wake mpya, liliuma vizuri zaidi. Nyama ikaniingia mdomoni kama mpira. Siku ya tano ukaja ujumbe mfupi: Bibi anakutaka. Uje peke yako.

Nilikwenda asubuhi yake, siku ya thelathini na tisa. Darajani nilinunua mifupa ya muundi mfuko mzima, muuzaji akaniuliza kama nafuga mbwa. Nilimkuta bibi uani, kwenye kibao cha mbuzi, anakuna nazi. Mdogo, mkavu, miwani imefungwa kwa uzi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye mla mifupa?"

"Naam, bibi. Nakuomba radhi. Nimekuletea mingine."

Akauchungulia mfuko, akauweka kando. "Mfupa si kitu. Mfupa angalau kaula mtu." Akaacha kukuna. "Nambie wewe, wali wangu ulikufanya nini?"

Akakung'uta machicha mikononi, akaendelea.

"Pilau ile nimepika mie. Mchele nimechambua mie, punje moja moja, kwa macho haya, tangu alfajiri, kwa sababu anakuja mchumba wa mjukuu wangu. Sinia limerudi, wali wa mbele yako hukuula hata punje. Na upande wa mjomba wako nimekuta matonge yamepangwa kama mayai. Una nini na mie?"

Ile ndiyo aibu ya kweli niliyoiona maishani mwangu. Suruali kupasuka ilikuwa mchezo. Siku zote hizo nilikuwa nikijisifu kwamba sili kitu, na sikuwaza hata mara moja kwamba kila ninachokiacha kuna mtu amekaa jikoni akakipika. Nikamkumbuka mama na bakuli lake la boko boko.

Nikamweleza bibi kiapo changu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Imebaki siku ngapi?"

"Moja, bibi."

"Basi kaa hapo."

Aliinuka, akaenda jikoni, akarudi na sahani ya wali wa nazi. Wali mtupu. Hakuna mchuzi, hakuna samaki, hakuna hata pilipili. Akaiweka mbele yangu, akakaa, akanikazia macho. Niliitazama ile sahani, moshi unapanda. Barazani kwetu ufagio ulikuwa unaningoja, na siku moja tu ilikuwa imebaki, siku moja! Nikanawa. Nikasema bismillahi.

Wallahi, sijapata kula kitu kitamu kama kile. Tui, chumvi, punje zimeachana. Nilikula huku nacheka na machozi yananitoka, tonge juu ya tonge, yote mdomoni. Bibi akaniongeza. Akanikwangulia ukoko chini ya sufuria, nao nikautafuna kra kra. Mlangoni nikasikia kelele, nikageuka. Mpenzi wangu alikuwa amesimama pale na sare za hoteli, anacheka mpaka ameshika ukuta.

"Mwalimu!" bibi akamwita mwanawe aliyekuwa ndani. "Njoo. Huyu kala."

Mzee akatoka, akaitazama sahani tupu, akamtazama mama yake.

"Mgeni hawezi kunigusia mfupa wangu," bibi akasema. "Kaula kama wa nyumbani. Na wali kaula kama wa nyumbani. Wewe unahesabu nini tena?"

Mzee aliniuliza tu kama friji yao, ambayo ina mwezi haigandishi, ninaweza kuitazama.

Nilifagia baraza mpaka Ramadhani. Fundi viatu alikuwa akimwaga maganda ya njugu makusudi, na mimi nikifagia naimba, jambo lililomuudhi sana. Kiapo nilikitolea kafara ya kulisha maskini kumi, na mama ndiye aliyepika. Alipika wali wa watu thelathini, akanikalisha nami, akanitazama nikila hadi nikashindwa kuinuka. Tumbo limerudi nusu. Suruali ya kazi nimeitia kiraka.

Ijumaa ya kwanza baada ya harusi tulikaa tena barazani Uroa. Mzee akagawa nyama, vitatu, vitatu, vitatu, mfupa ukabaki katikati. Nikaweka mikono yangu yote miwili mapajani, watu wauone uaminifu wangu. Tulipomaliza kula, mzee akautia mfupa kwenye kisahani, akanipa mimi.

"Mpelekee," alisema.

Kutoka barazani mpaka jikoni ni hatua ishirini. Niliubeba kwa mikono miwili, sipumui, mke wangu ananifuata nyuma akijizuia kucheka. Bibi alikipokea kisahani, akausogeza mfupa karibu na miwani, akaugeuza huku na huku, akachungulia tundu la uboho.

"Haya," akasema. "Leo umefika mzima."