Mgongo wa Simbi

Mimi bahari nimeiona uzeeni, tena kwa kupelekwa. Mwanangu anayeuza mchele Kahama alisema, "Mama, twende Unguja ukapumzike." Nikamwambia, kwani nimechoka nini? Lakini moyoni nilishaitika zamani, maana nilikuwa na shida yangu. Nilitaka simbi.

Simbi ni yale magamba madogo meupe yenye mdomo wa meno, wengine wanaita kauri. Kwenye ukoo wetu, mtoto wa kwanza wa kila binti hapewi jina la kwetu mpaka bibi amfunge simbi mkononi. Na hainunuliwi, hata iwe imejaa sokoni. Lazima itoke kwa bibi. Zile alizoniachia mama yangu niliwafunga watoto mpaka zikaisha. Sasa mjukuu wangu kajifungua huku Ushirombo, kitoto kinaitwa "mtoto" tu, na mdogo wangu kila siku ananipigia simu: "Dada, huko baharini ndiko zinakotoka. Usije ukarudi unatuonyesha picha!"

Basi, bahari! Jamani! Ziwa nalijua, nimechota sana maji yake. Lakini ziwa linakaa pale pale. Hii niliiacha jioni iko karibu na mlango, naamka asubuhi imeondoka, chini pake pamebaki wazi kama shamba lililovunwa, watu wanatembea humo!

Nikamwita mwanangu. "Njoo uone, maji yameibiwa!"

Akacheka. "Yamekupwa, mama. Yatarudi."

"Yatarudi na nani?"

Na kweli yakarudi, hakuna aliyeyafuata. Nikakaa kwenye mchanga natazama, hata chakula nikasahau.

Simbi sikuiona. Natembea nimeinama, natafuta kitu cheupe chenye meno, wapi! Ikafika asubuhi ya mwisho, mchana tunapanda boti. Nikajiambia, wewe mama, ujana wako wote umeosha mchanga wa dhahabu kule Geita, leo unatafuta kwa macho kama mgeni? Nikachukua beseni la chumbani, nikashuka nalo.

Nachota mchanga, natia maji, nazungusha, natikisa, mwepesi unamwagika, kizito kinabaki. Wageni wakasimama kutazama. Mwanangu akaja mbio.

"Mama, beseni la hoteli hilo!"

"Nitaliosha."

Akaenda kusimama mbali, kajifanya hanijui.

Sasa yaliyobaki kwenye beseni, mayu wane, mama yangu! Visahani vya rangi ya waridi. Vipembe vimesokotwa kama vya mbuzi, lakini vidogo, unavishika kwa kucha. Kimoja kama sikio la kichanga, ndani kinameremeta rangi ambazo sina majina yake. Nani alikaa akavitengeneza hivi, halafu akaviacha chini ya maji asikoona mtu? Lakini simbi hakuna. Kulikuwa na vijiwe vya mviringo, laini kama vimepakwa mafuta, vina pete ya njano juu. Vizuri kweli, ila mimi sikufuata mawe. Nikavitupa nyuma yangu, kama tunavyotupa mchanga uliokwisha kuoshwa.

Akapita mama mmoja wa pale, anatoka kwenye shamba lake la mwani, gunia kichwani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Watafuta nini na beseni hilo?"

"Simbi. Kauri. Nyeupe, ina meno."

Akanitazama, akatazama nyuma yangu, akatua gunia. Alicheka mpaka akakaa chini. "Bibi we! Wazitafuta, na wewe mwenyewe wazitupa?"

Akaokota kile kijiwe cha pete, akakigeuza. Meno!

Nilikaa kwenye maji na nguo zangu zote. Jamani, za kwetu zinafika mgongo umeshasagwa ili uzi upite. Tangu nizaliwe nimeona mdomo tu. Hakuna aliyewahi kuniambia simbi ina mgongo. Tena mgongo wenyewe una pete ya dhahabu!

"Nani kaichora?"

"Mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

Akanishika mkono mpaka kwenye dimbwi, akainua jiwe. Chini yake simbi inatembea! Imejifunika kitambaa cheusi chenye vinyweleo, mbele vipembe viwili kama uzi. Yule mama akaigusa kidogo. Kitambaa kikajikunja pande zote mbili, kikaingia ndani, mgongo ukabaki unang'aa. Nyumba ya mtu hiyo, na anaipangusa mwenyewe kila siku. Nikarudisha mkono wangu.

"Huyu mwache," akasema. "Chukua ya aliyehama."

Nikaokota moja kati ya zile nilizotupa.

Ushirombo nikakuta wamekaa wananisubiri, na mdogo wangu kashika jiwe. "Lete nisage mgongo, tupitishe uzi."

"Hausagwi."

"Utaifungaje bila tundu? Utaibandika kwa ugali?"

"Sijui. Lakini hausagwi."

"Dada, tangu mababu inasagwa!"

"Mababu waliletewa imeshasagwa. Wewe umewahi kuuona?" Nikamwekea kiganjani, mgongo juu.

Wanawake wakasogea, mmoja mmoja, wanapitisha kidole kwenye ile pete. Mimi nikachukua uzi mweusi, nikaisukia kiwavu kidogo, kama tunavyosukia kibuyu, nikamfunga mtoto mkononi. Nikamwita jina la mama yangu, kwa sauti, naye akapiga chafya, wakasema ameitika.

Mdogo wangu akaushika ule mkono, akaugeuza huku, akaugeuza kule.

"Na hii njano," akaniuliza polepole, "ukimuogesha haitatoka?"