Mkeka wa Epifania

Jioni ya kuamkia mkutano, Epifania alikuwa anachambua maharage, na bintiye Kezia wa darasa la saba anasoma daftari lake la Kiingereza kwa sauti.

"Stick up for," alisema Kezia. "Mwalimu kasema ni kumtetea mtu akisemwa vibaya. Kumhurumia kimoyomoyo hakuhesabiki, mama. Mpaka ufungue mdomo watu wasikie!"

"Kumbe Waingereza nao wanalo?" Epifania akacheka. "Basi andika: mama alimtetea Uwimana."

Na kweli alimtetea. Pale Titye, mwenye kushtakiwa mbele ya kijiji alikaa peke yake kwenye mkeka, na hakuruhusiwa kujisemea. Anayemtetea sharti aache nafasi yake, aende akae naye, ndipo aseme. Mwaka sabini na tatu, Uwimana alipokuja na mtoto mgongoni akikimbia mauaji ya Burundi, wengine walitaka apelekwe mbali, kwenye makazi ya wakimbizi, eti hana mtu. Epifania akaenda akajitupa mkekani, puu! "Huyu ana mtu," akasema. "Ni mimi."

Sasa ilikuwa sabini na tano, na zamu ya mkeka ilikuwa yake. Alishtakiwa kwamba siku ya Jumanne alitoroka shamba la ujamaa akaenda kukata ndizi kwenye kihame chake, mji wake wa zamani kule walikohamishwa. Akishindwa, angenyang'anywa kiwanja chake cha kando ya kijito, apewe kingine kule juu kwenye mawe.

Lakini hakulala na wasiwasi. Jumanne nzima alikuwa kwa Uwimana, anamkanda kwa maji, yeye na mwanawe, homa imewaangusha wote wawili. Uwimana alijua. Hakuna mwingine aliyejua.

"Nani anamtetea?" aliuliza Mwenyekiti Stanislaus kesho yake.

Epifania alisogea kidogo, akaacha nafasi mkekani.

"Nani anamtetea?"

Uwimana alikuwa mstari wa pili. Alikuwa anavuta uzi kwenye pindo la kanga, anauvuta, anauvuta.

"Mara ya tatu na ya mwisho. Nani?"

"Labda migomba yake itakuja!" alidakia Tharsisi, na watu wakaangua kicheko. Epifania alimtazama Uwimana tu. Naye alikuwa amecheka. Kidogo, lakini alicheka.

Kiwanja kikaenda.

Alasiri, Epifania akiwa anang'oa mafiga yake, Uwimana alikuja na kikapu cha viazi vitamu.

"Mama Kezia, ningesemaje? Na mimi sikwenda shambani Jumanne ile. Wangeanza tena kuuliza mimi ni nani hapa. Wangenipeleka makazini."

"Ulikuwa mgonjwa. Nani angekufukuza kwa homa?"

"Niliogopa, dada."

"Hata mimi niliogopa mwaka ule. Ulidhani sikuogopa?"

Uwimana akaweka kikapu chini. Epifania hakukigusa. Alijitwika mafiga mawili, akamwita Kezia abebe la tatu, wakaanza kupanda kuelekea kwenye mawe.

Njiani Kezia akauliza kwa sauti ndogo, "Mama, ile sentensi niifute?"

"Ya nini? Mimi si nilimtetea? Iache."

Walipofika juu, Epifania alitua mzigo, akageuka akatazama chini kwenye kijito. Kikapu kilikuwa bado palepale. Uwimana alikuwa amekaa kando yake, peke yake.