Moto wa Kaka Katika Msitu wa Mama

Mama aliniachia kipande cha msitu wa asili nje kidogo ya Njombe, mizambarau mwitu na mikuyu iliyozunguka chemchemi. Hakumwachia kaka yangu, na kaka hajawahi kulisahau jambo hilo. Pamoja na msitu mama aliniachia kazi: kuzuia miwati isiingie.

Asiyeijua miwati aje atembee huku kwetu. Ni miti ya kigeni iliyoletwa zamani kwa ajili ya magamba yake, yale magome ya kusindikia ngozi, na ikishajipenyeza msituni haina adabu. Inakunywa maji, inaifunika miche ya asili, inamwaga mbegu kila mahali. Mimi huing'oa wakati wa masika, udongo ukiwa laini, mche mmoja mmoja na mizizi yake. Mikubwa naichuna gamba kuzunguka shina, naiacha ife imesimama. Miaka kumi na moja nimepiga magoti pale, majirani wakinicheka kwamba mstaafu amekosa kazi. Nilikuwa nimebakiza ukanda mmoja tu, upande wa juu.

Kiangazi kimoja nilikwenda Makambako kumhudumia binti yangu aliyejifungua. Niliporudi, mke wa kaka alinipokea stendi akitabasamu.

"Kamwene, wifi. Kaka yako amekufanyia kazi, utafurahi mwenyewe."

Nifurahi nini? Kaka alikuwa ametoka kwake Mjimwema na watu wenye mapanga, akafyeka ule ukanda, akalundika matawi, akatia kiberiti. Moto ulitambaa hadi karibu na chemchemi. Mkuyu ambao mama alizoea kutundika kanga yake akichota maji ulikuwa mweusi upande mmoja. Na kaka alisimama pale, mikono kiunoni, anasubiri ahsante.

"Mdogo wangu, unahangaika na kimche kimoja kimoja. Mimi siku moja tu!"

"Umechoma, kaka?"

"Sasa ningefanyaje? Shamba si linasafishwa kwa moto?"

Ujinga ningeusamehe. Lakini tulipokuwa wadogo nyumbani tulipanda miwati ya kuuza magamba, na shamba likishavunwa mama aliagiza lichomwe, makusudi kabisa, kwa sababu mbegu ya miwati ina ganda gumu na moto ndio unaoiamsha. Aliyeshika kienge cha moto alikuwa kaka. Mimi nilifuata nyuma na tawi bichi la kuzimia moto. Leo mtu huyohuyo ananiambia amesafisha!

Nilimwambia palepale, mbele ya mkewe, kwamba amenirudisha mwaka wa kwanza. Akaondoka amenuna. Jumapili, baada ya ibada, watu wawili walinivuta pembeni wakanisihi nipunguze hasira, kaka yangu alikuwa na nia njema. Nia njema! Waichukue basi, waende nayo wakang'oe.

Mvua zilipoanza, ukanda wote uliota miwati, imebanana kama mchicha kitaluni. Mingine ilichomoza kati ya mizizi ya ule mkuyu. Mbegu zilizolala tangu enzi za mama ziliamka zote kwa mkupuo. Nilikaa kwenye jiwe nikalia kwa hasira.

Nikampigia kaka simu aje ajionee. Alikuja, akauzunguka ukanda wote, nikadhani sasa ataomba radhi. Akachuchumaa, akang'oa mche mmoja, akautazama mizizi.

"Si tuchome tena mwakani," akasema, "ikiwa bado midogo?"

Nilimpokonya ule mche. Nina miaka sitini na minne, yeye amenizidi sita. Mbegu hizi hukaa ardhini miaka mingi kuliko tuliyobakiza, na hilo alilijua tangu siku za kienge. Nikapiga magoti pembeni mwa chemchemi, nikaanza kung'oa upya.

"Piga magoti na wewe," nikamwambia bila kugeuka. "Na Jumamosi uje na wajukuu zako uwafundishe, maana mimi na wewe tutakufa hatujaimaliza."