Mrushaji wa Al-Mahjar

Juzi nilipita Al-Mahjar, mtaa wetu wa zamani hapa Jeddah, nikakuta nyumba tuliyokulia imebomolewa. Nikasimama juani kwenye vifusi, na aliyenijia moyoni ni mjomba.

Sisi ni watu wa Unguja, tumelowea huku tangu enzi za wazee wetu. Ijumaa bibi alipika mikate ya kumimina, mie nikimtwangia iliki, kisha mjomba hunichukua hadi kwenye kambi ya wazungu alikokuwa mtunza bustani. Nyuma ya kambi wazungu walicheza besiboli, kambi kwa kambi, wenyewe kwa wenyewe. Watu weusi tuliingia uwanjani kufagia na kuokota mipira tu. Mjomba akiokota, akiurudisha, mpira unavuma kama nyigu. Siku moja kocha wao akamvisha glovu, akamsimamisha katikati awe mrushaji, wa kuwatupia mpira wapigaji wenye magongo.

Basi wee, msimu ule wapigaji walipiga upepo! Bibi hakufurahi.

"Watakuumiza wale, mwanangu."

"Mama, pale katikati nasimama mimi, na wote wananingoja mimi."

Ikaja timu ya kambi nyingine. Nahodha wao alipomwona mjomba akagoma kucheza, wakabishana hadi jua likawachosha, mwisho akakubali huku anacheka. Zamu ya mjomba kushika gongo ilipofika, mrushaji wao hakulenga gongo. Alimlenga yeye. Kiwiko kilialika, nikakisikia kutoka kwenye kivuli nilipokaa. Mjomba akapiga magoti mchangani. Upande wa pili kuna waliopiga makofi.

Kocha alimfikisha hospitali, akamwacha mlangoni, na kwetu hakukanyaga tena. Kafili, mwajiri aliyemdhamini kibali cha kuishi, naye akaja juu: "Ikama yako ni ya bustani, si ya michezo. Halas!" Akampeleka Riyadh, akalinde maghala ya Al-Sulay. Bibi alilia hadi sauti ikamkauka. Mkono ulipona umepinda.

Amefariki mwaka huu, huko huko. Kwenye msiba madereva wa maghala walimsifu: mpole, hana maneno, hakosi sala. Nikawauliza kama aliwahi kuwahadithia habari za mpira.

"Mpira gani, dada?" akasema mmoja wao. "Yule hata kilemba tulikuwa tukimfunga sisi. Mkono wake haukufika kichwani."

Nikawaitikia tu. Uwanja umejengwa majumba, bibi hayupo, na wale wazungu walisharudi kwao. Aliyemwona akirusha nimebaki mie peke yangu.