Maombi ya Mama Nyaboke

Wenzangu, nichekeni tu, nimeshazoea. Mimi ni meneja wa shamba la chai huku Ikonge. Niliapa kwamba mashine za kuchuma zikija, hakuna mchumaji atakayetupwa: wote wangefunzwa kuziendesha, nami ningejifunza pamoja nao. Kwa hilo sirudi nyuma. Shida ni kwamba upole sijui. Hata nikisalimia, watu hudhani nafoka.

Basi asubuhi ya mkutano, nikishuka kilima cha Nyanchwa kwenda stendi, nikajirekodi kwa simu nikifanya mazoezi: "Najua mna hofu. Hapa ninyamaze kidogo. Hata mimi naogopa. Hapa niguse kifua, sauti itetemeke." Nikamtumia dada yangu kwa WhatsApp anikosoe. Hakujibu.

Shambani, wachumaji walinipokea kwa tabasamu pana ajabu. Nikajipongeza: upole umeanza kufanya kazi hata kabla sijafungua mdomo!

Kama kawaida yetu, tulianza na maombi. Mama Nyaboke, kiongozi wa wachumaji, akatuambia tufunge macho.

"Baba wa mbinguni, asante kwa madam. Msaidie anyamaze pale pa kunyamaza. Akigusa kifua, sauti itetemeke vizuri. Na umfundishe, Baba, kuangalia kama anatuma kwa grupu letu la wachumaji kabla hajabonyeza."

"Amina!" shamba zima likaitikia.

Nilipofumbua macho, wao walikuwa wamefumbua kitambo, wananingoja. Nikasimama hivyo hivyo.

"Najua mna hofu," nikasema, na safari hii sauti ilitetemeka yenyewe.